Lipiko Lilitangulia Kupanda Ndege

Mabibo ya Dar es Salaam tunaijua kwa soko la ndizi na hosteli ya wanafunzi wa chuo kikuu. Lakini mabibo ni matunda ya mkorosho, na kwa Mmakonde aliyekulia Newala au Masasi, ambako korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, jina hilo peke yake humrudisha kwao. Ndiyo maana nikisikia mchongaji kijana wa mitaa hii amealikwa Ulaya, apewe chumba, karakana na posho ya miezi kadhaa ili achonge sanamu zinazotokana na vinyago vya jadi, humpa hongera, kisha humuuliza: lipiko, yaani kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani, umeliona wapi?

Wengi wameliona ukutani, au Mwenge kwenye vibanda vya vinyago, limechongwa kwa mpingo na kusuguliwa kiwi mpaka likang'aa. Lipiko la ngoma si hilo. Mpingo ni mzito, na lipiko huvaliwa kichwani na mtu anayeruka na kutetemeka, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi. Hutiwa chale za usoni, pengine na ndonya mdomoni, na nywele za binadamu hugandishwa kwa nta. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asitambulike, na njia huiona kupitia mdomo wa lipiko. Hutoka vijana wanaporudi kutoka jandoni, ngoma zikilia, wanawake na watoto wakilikimbia. Ukilitoa humo ukabaki na uso mtupu, umebaki na nusu yake, tena nusu ndogo.

Lenyewe lilisafiri zamani. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji haujapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Newala akikusanya vitu vya wenyeji, vinyago vikiwamo. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam wakaondoka na vitu 17, lipiko moja likiwa miongoni mwavyo. Septemba 1985 makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakalinunua Paris. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli akatoa taarifa kwamba ni mali ya wizi. Mtu angedhani lingerudi mwaka uleule. Mazungumzo yalianza, yakalala, yakaamshwa tena. Mwaka 2006 Tanzania ikafikisha dai lake UNESCO, na mkataba wa kulirudisha ukatiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010. Miaka 20 tangu wizi ujulikane! Linaniuma hilo kila ninapolikumbuka.

Wasanii wetu nao wamevuka bahari. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, alijifunzia kuchonga kwenye mizizi ya mihogo kabla hajashika mpingo. Nyumba ya Sanaa ilimwajiri kwanza kama mlinzi. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, na mashetani yake yenye masikio mapana na midomo iliyochomoza yakampa jina duniani. Hakuyaokota Marekani. Yalitoka katika uchongaji wa Kimakonde, alikokulia.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye barua ya mwaliko mkononi, kabla ya ndege panda basi la kusini. Kaa Newala walau wiki mbili. Waamkie wazee, uwaulize yanayoruhusiwa kuulizwa, na wakikuambia jambo fulani si la kusemwa nje ya jando, usilichonge. Wasikilize wapiga ngoma. Ukifika Ulaya, usiishie kwenye kumbi za maonyesho. Omba kufunguliwa stoo. Kila lipiko utakaloliona humo lipime, lichore kwa mkono wako mbele na nyuma, nakili namba yake na jina la aliyelichukua, kisha michoro hiyo uirudishe nyumbani, nakala moja uikabidhi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na nyingine uwapelekee wazee wa Newala.