Kujua Kiarabu ni neema, kukifundisha ni fani

KILA matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka na vijana wakaanza kuomba nafasi za vyuo, swali moja hurudi katika baraza zetu. Kijana amekulia madrasa, amekhitimu Qur'ani, ameshika nahau na sarufi mbele ya masheikh, na sasa anasema anataka kusomea ualimu wa Kiarabu wa sekondari. Mzee humtazama, kisha humuuliza: Kiarabu umeshakijua, chuoni unakwenda kusoma nini?

Swali hilo nasi tuliulizwa na marehemu baba yetu. Hatukuwa na jibu, kwa sababu moyoni tuliona anasema kweli. Tulikwenda chuo kutafuta cheti. Elimu tulidhani tumekwisha kuipata msikitini. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya familia ambazo leo ziko mbele ya swali lile lile, ili zisichelewe kulipata jibu kama tulivyochelewa sisi.

Somo la kwanza na aibu yake

Mwisho wa mwaka wa kwanza tulipelekwa katika shule moja ya kutwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Tulikabidhiwa Kidato cha Kwanza, wanafunzi 45, na kipindi cha dakika 40. Tuliingia kwa kujiamini. Ubaoni tuliandika mambo matatu ambayo kila aliyesoma nahau huanza nayo: ismu, fiili na harufu. Tukafafanua kila moja, tukatoa mifano, tukaendelea hadi mabadiliko ya mwisho wa maneno na sababu zake. Ubao ulijaa. Kengele ilipolia, tulitoka tumeridhika.

Mkufunzi wetu alikuwa ameketi nyuma ya darasa na fomu yake ya tathmini. Hakutulaumu. Alituita chini ya mti, akatuuliza jambo moja tu: katika dakika zile 40, wanafunzi wametamka maneno mangapi ya Kiarabu? Tulifikiri, tukaona haya. Hawakutamka hata moja. Tulikuwa tumesema sisi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha akatuonyesha tusiyoyaona. Baadhi ya watoto wa nyuma walikuwa wakiandika herufi kutoka kushoto kwenda kulia. Watoto wetu wa madrasa, wanaosoma Juzuu Amma kwa tajwidi nzuri, hawakuweza kumwambia mwenzao jina lao kwa Kiarabu. Na kijana mmoja wa dawati la mbele, asiyekuwa Muislamu, hakuwa ameandika chochote. Tulipomfuata kumuuliza sababu, alijibu kwa unyenyekevu kwamba hakujua kama yeye anaruhusiwa kuyaandika maandishi yale katika daftari lake.

Jibu lile lilituumiza. Kijana alikuwa na haki ya somo kama wenzake, nasi tulikuwa tumemwacha mlangoni kipindi kizima bila kujua.

Chuoni husomwa nini

Hapo ndipo tulipoanza kusoma kweli. Mwanachuo wa ualimu wa lugha hujifunza mambo ya aina tatu. Kwanza ni lugha yenyewe: sarufi, fasihi, matamshi, na namna lugha inavyotumiwa na watu leo. Pili ni elimu ya malezi: mtoto wa miaka 14 hufikiri vipi, husahau vipi, huogopa nini. Tatu ni mbinu: namna ya kuandaa azimio la kazi kutokana na muhtasari wa somo, kuandika andalio la somo, kutunga mtihani unaopima kile kilichofundishwa, na kugawa kipindi ili stadi nne za kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika zote zipate nafasi yake.

Kabla ya kwenda shuleni, wanachuo hufundishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akiwa mwalimu na wengine wakijifanya wanafunzi, kisha hukosoana mbele ya mkufunzi. Zoezi hilo huvunja kiburi. Mtu aliyezoea kuongoza darsa hugundua kwamba anasema haraka mno, au anauliza swali na kulijibu mwenyewe.

Jambo jingine tulilojifunza ni mpaka uliopo kati ya masomo mawili. Katika ratiba ya shule, Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo lake, na Lugha ya Kiarabu ni somo lake. Kiarabu kinafundishwa kama lugha ya kigeni, kama Kifaransa na Kichina, kwa kila mwanafunzi atakayelichagua. Ni moja kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika pamoja na Kiswahili chetu. Mwalimu wake hapunguzi mapenzi yake kwa lugha ya Qur'ani anapomfundisha asiyekuwa Muislamu kuomba maji au kuuliza njia. Anatimiza amana aliyoajiriwa kwayo, na pengine tabia yake njema darasani itasema zaidi ya mawaidha mengi.

Kiswahili ni msaada, na pia ni mtego

Kipindi cha pili tuliingia na mfuko. Tulitoa kitabu, kalamu, daftari, kipande cha sabuni na pakiti ya sukari. Tukatamka kila jina kwa Kiarabu, na darasa likashangaa: kumbe maneno haya tunayo! Wanafunzi waliongeza wenyewe kahawa na samaki. Hakuna mgeni wa Ulaya anayeanza Kiarabu akiwa na akiba kama hiyo.

Lakini mwalimu aliyefunzwa hujua pia pale akiba hiyo inapodanganya. Barua asili yake ni Kiarabu, ila Mwarabu wa leo ukitaka kumwandikia barua utaiita risala. Gharama kwetu ni matumizi ya fedha. Kwao ni faini. Na iko hatari ya matamshi: mtoto asiyetofautisha qaf na kaf atakusudia kutaja moyo, qalb, na atataja mbwa, kalb. Hapa kijana wa madrasa ana neema kubwa, kwa kuwa makharij ya herufi anayajua. Chuo humfundisha namna ya kumfikishia ujuzi huo mtoto ambaye hajawahi kuisikia herufi ile maishani mwake.

Wiki ya mwisho ya mazoezi, kijana wa dawati la mbele alisimama mbele ya wenzake akajitambulisha kwa Kiarabu: jina lake, kijiji chake, na kazi ya baba yake. Alikosea mara mbili, akajisahihisha mwenyewe. Hatujapata kupokea zawadi kubwa kuliko ile.

Njia ya kufika huko

Mzazi anapaswa kujua kwamba njia hii huanza mapema. Stashahada ya ualimu wa sekondari ni miaka miwili baada ya Kidato cha Sita. Shahada kwa hapa kwetu Tanzania kwa kawaida ni miaka mitatu. Mwombaji wa shahada hutazamwa ufaulu wake katika masomo atakayokwenda kufundisha. Hivyo mtoto anayeacha Kiarabu au Kifaransa akiwa Kidato cha Pili, kwa kuambiwa kwamba ni somo lisilo na faida, anaubana mlango wake mwenyewe.

Vyuo vipo. Zanzibar kuna Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA), na kuna chuo cha Chukwani kilichoanza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Sheikh Abdulrahman Al-Sumait. Bara kuna Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Kwa Kifaransa na Kichina, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanachuo wa shahada huandaliwa kwa masomo mawili ya kufundishia. Nasaha yetu ni kwamba Kiarabu au Kifaransa kiambatane na somo linalofundishwa karibu kila shule, kama Kiswahili, Kiingereza, Historia au Jiografia. Shule zenye somo la lugha za kigeni ni chache kuliko zisizo nalo, na si vyema kumficha kijana jambo hilo.

Binti anapopangiwa mbali

Limebaki jambo ambalo wazazi wengi hulinong'ona. Mpwa wetu alikuwa akisomea ualimu wa Kifaransa, akapangiwa mazoezi katika mkoa usio na jamaa yetu hata mmoja. Shemeji yetu alikataa. Kwake ilikuwa afadhali binti arudi nyumbani kuliko kupanga chumba peke yake ugenini. Mama yake alilia, kwa sababu alijua kwamba mazoezi ni sehemu ya shahada, asiyeyafanya hahitimu.

Hatukuona sababu ya kumlaumu baba mwenye kuogopea binti yake. Tulikaa naye, tukamwomba kitu kimoja: asikatae kabla hajakwenda kupaona. Alimsindikiza mwenyewe. Alionana na mkuu wa shule, akaswali Ijumaa msikiti wa mji ule, na baada ya swala akaulizia familia ya kheri. Alipata bibi mmoja mjane anayeishi na wajukuu zake, naye akampokea binti kama wake. Wiki zile zilipita salama. Leo mpwa wetu ni mwalimu, na bibi yule bado anatumiwa zawadi kila Idi.

Familia ambayo haina mtu wa kusindikiza inaweza kuanza kwa kuomba mapema, kabla orodha hazijafungwa, binti apangiwe karibu na jamaa. Mengi hukataliwa kwa kuwa tu yameulizwa yakiwa yamekwisha kuchelewa.

Mtume (saw) alipohitaji mtu wa kusoma na kuandika barua za Mayahudi, alimwagiza Zayd bin Thabit, aliyekuwa bado kijana, ajifunze maandishi yao, naye akayajua kwa muda wa siku chache. Zayd alikuwa na akili, lakini pia alikuwa na mtu mzima aliyemwamini na kumpa kazi. Vijana wetu wenye lugha vichwani mwao tunao katika kila madrasa. Mzazi, akija kwako mmoja wao akisema anataka kuwa mwalimu, usimwambie kwamba ameshajua. Muulize atamfundishaje mtoto asiyejua hata herufi moja. Akikosa jibu, basi hilo ndilo analokwenda kulisoma chuoni. Mpe nauli na dua, na umwache aende. Wabillahi tawfiq.