Mahali Boti Zinapokoma

Boti iliyotoka Kinshasa hupanda Mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700, ikifika Kisangani inasimama. Haina ujanja: juu ya mji yamelala maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna nahodha anayeyapita. Mizigo hushushwa, abiria huteremka, na wengi wao hawapandi boti tena. Ukitaka kujua kwa nini soko kuu la komini ya Makiso limejaa Walokele, Wanande, Watopoke na Wambole, na kwa nini Wahindi na Walebanoni wana maduka jirani, anza na mawe hayo ya mtoni kabla ya kutaja vita.

Siku hizi uhamaji wa Kongo mashariki husimuliwa kwa sababu moja tu, bunduki. Bunduki ipo, nani atabisha? Ila humfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda. Hapo huamua barabara, mto, reli, na ndugu aliyetangulia.

Mwaka 1885 Ernst Georg Ravenstein, mchora ramani wa London aliyewahi kuchora ramani kubwa ya Afrika Mashariki, alitoa kanuni za uhamaji alizozipata kwenye sensa ya Uingereza. Watu wengi, alisema, huhama mwendo mfupi, tena kwa hatua, na kila mkondo wa wanaokwenda una mkondo wa wanaorudi. Wakati huo watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, walikwisha kufika kwenye maporomoko wakitokea Nyangwe na Kasongo, wakitafuta pembe za ndovu na kukamata watumwa. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip liwali wa hapa. Waungwana wa pwani walikuwa wachache. Kiswahili na misikiti vilibaki mikononi mwa watu wa bara waliofuatana nao, wengine kwa kupenda, wengine shingo ikiwa kwenye mnyororo. Sensa ya Ravenstein haikuwa na safu ya minyororo.

Hatua kwa hatua ndivyo alivyokuja Patrice Lumumba. Kijana huyo Mtetela wa Onalua, Kasai, alipitia kwanza Kalima, kwenye migodi ya bati ya Maniema, ndipo mwaka 1944 akaingia Stanleyville, mji ulivyoitwa wakati huo, na baadaye akapata ukarani wa posta. Reli ya kilomita 125 kutoka Ubundu, iliyokamilika 1906 ili kuyazunguka maporomoko, ilikuwa imeufanya mji kuwa mlango wa watu wa Maniema. Katikati ya mji, ndiyo Makiso ya leo, palikuwa pa Wazungu. Karani Mwafrika alikwenda kazini asubuhi, jioni akarudi kulala mitaa ya wenzake. Lakini mji ule wa wageni ulimfaa Lumumba. Alijenga jina katika vyama vya makarani, mbele ya watu wa makabila ambayo Onalua asingekutana nayo.

Agosti 1998 waasi wa RCD, waliosaidiwa na Rwanda na Uganda, waliuteka mji, njia ya mto ikafungwa, Kinshasa ikawa mbali kuliko Kampala. Petroli ikaadimika, vijana wakabeba abiria kwa baiskeli za toleka. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita humu humu mjini, na raia wakafa kwa mamia. Waliopata upenyo walikimbilia msituni na vijiji vya karibu, mizinga iliponyamaza wakarudi. Mwendo mfupi, kama alivyosema mzee wa ramani.

Kilichoubadilisha mji kwa muda mrefu ni biashara. Barabara ya Taifa namba 4, zaidi ya kilomita 700 hadi Beni, ilipotengenezwa baada ya vita, wafanyabiashara Wanande wa Butembo walijaa na maharagwe, vitunguu na bidhaa za Dubai. Simama mbele ya meza moja sokoni: maharagwe ya manjano lundo lake, mekundu lundo lake, kopo la kupimia limechomekwa juu. Mteja anauliza bei kwa Lingala. “Mama, hii ni ya Butembo, haina mawe,” anajibiwa kwa Kiswahili, na biashara inaendelea. Lori litarudi na mafuta ya mawese. Mpwa wa muuzaji, aliyekuja juu ya shehena, hatarudi nalo: atalala kwa mjomba na kujifunza duka, au ataandikishwa Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Waasi wa ADF wakishambulia barabara upande wa Ituri, bei ya maharagwe hupanda na mpwa huongeza muda wa kukaa. Wapo wanaonung'unika kwamba watu wa kuja wamechukua maduka. Utawasikia hata wajukuu wa walioshuka kwenye treni ya Ubundu.

Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka ng'ambo ya mto, Lubunga. Nyumba zilichomwa, na maelfu wakahama, wengine wakivuka kuja upande huu. Hao safari yao ilikuwa upana wa mto tu, na bado walipoteza shamba, mbegu na mavuno. Mwenye ndugu Makiso au komini ya Mangobo alipewa kona ya chumba. Asiye na ndugu alilala kambini akingoja msaada. Kurudi kwao kunategemea nani atatambuliwa kuwa mwenye shamba, na kwa muda huo mkulima anayevuka anatafuta kibarua cha kubeba mizigo bandarini.