KELELE ILIYO NDANI YA KIOO
Kwa nini wanasayansi hupoza vioo ili kusikiliza mbingu

Je, umewahi kujaribu kusikiliza mnong'ono ndani ya nyumba ya mabati kule Kisumu Ndogo, Kibera? Upande huu jirani amefungulia redio, upande ule mtoto analia, na njiani wachuuzi wananadi bidhaa. Waweza kufunga dirisha, hata kuwasihi majirani. Lakini utafanya nini iwapo kelele yenyewe inatoka ndani ya sikio lako?

Hilo, mpenzi msomaji, ndilo tatizo la wanasayansi wanaonasa mawimbi ya uvutano.

Mawimbi haya hutokea vitu vizito mno vinapogongana angani. Albert Einstein aliyatabiri mwaka 1916, lakini yalinaswa mara ya kwanza Septemba 14, 2015, na mitambo ya LIGO huko Marekani. Yalitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Katika mitambo hiyo, mwanga wa leza hupita ndani ya mabomba mawili, kila moja kilomita 4, na kurudishwa na vioo. Wimbi lile lilivisogeza vioo kwa umbali ulio mdogo mara mamia kuliko upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu!

Joto ni mtikisiko

Atomu za kitu chochote chenye joto hutetemeka bila kukoma. Hivyo uso wa kioo nao hutetemeka, na waweza kuumeza ule mnong'ono. Hiyo ndiyo kelele ya joto.

Dawa ya kwanza ni baridi. Mtambo wa KAGRA, uliojengwa chini ya mlima huko Kamioka, Japani, una vioo vya kilo 23 vilivyobuniwa ili vipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri.

Hata hivyo, baridi pekee haitoshi. Gonga kengele ya kanisa, italia kwa sauti moja safi. Gonga chungu chenye ufa, utasikia kishindo tu. Kioo bora ni kama kengele: mtikisiko wake hukusanyika kwenye sauti yake, na kwingineko kukawa na utulivu. Silika inayotumiwa na LIGO ni kengele nzuri katika joto la kawaida, lakini ikipozwa sana hugeuka chungu. Ndiyo sababu Wajapani walichagua yakuti.

Taabu hazikuishia hapo. Leza hupasha kioo moto, na joto hilo sharti liondoke kupitia vijiti vya yakuti vinavyokining'iniza. Vikiwa vinene hupitisha joto vizuri, lakini huongeza mtikisiko. Mashine za kupoza nazo hutikisa. Isitoshe, mvuke uliosalia huganda juu ya kioo kama barafu ndani ya friji.

Yatuhusu nini?

Desemba 12, 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vya eksirei vilisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Kwa hivyo msako huu ulipitia pwani yetu.

Sasa Ulaya inapanga mtambo uitwao Einstein Telescope, wenye vioo vya silikoni vilivyopozwa. Utando mwembamba unaokifanya kioo kirudishe mwanga bado una kelele, na dawa kamili haijapatikana. Basi wewe mwanafunzi, usilidharau somo la joto. Swali hilo bado linamngoja wa kulijibu.