Ng'ombe Anapovunja Swali: Kuhoji Hifadhidata ya Maneno ya Kiswahili

Walimu wengi wa lugha hudhani kwamba hifadhidata ni kazi ya watu wa kompyuta peke yao. Sisi tuna maoni tofauti. Mtu anapotafuta neno katika kamusi ya tovuti na asilipate, mara nyingi mashine haina kosa. Sarufi ya Kiswahili na sarufi ya mashine hazikuelewana, na anayeweza kuzipatanisha ni yule anayezijua zote mbili. Makala haya yanaeleza matatizo matano yanayomkuta mtu anayetengeneza kamusi au orodha ya msamiati kwenye tovuti, pamoja na njia ya kuyatatua.

Kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti si jambo geni. Mradi wa Kamusi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994, chini ya uongozi wa Martin Benjamin. Hapa Bujumbura tuna sababu zetu za kulitazama jambo hili kwa karibu. Kiswahili kinasemwa Buyenzi, sokoni na bandarini, na tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007 kimepata nafasi kubwa zaidi shuleni. Mwanafunzi wetu anahitaji orodha inayokwenda kutoka Kiswahili hadi Kirundi na Kifaransa. Orodha ya namna hiyo inaweza kutengenezwa na mwalimu na wanafunzi wake kwa programu zisizolipiwa, kama PHP na MySQL.

SQL ni nini?

SQL ni lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Msingi wake ni wazo la Edgar Codd, aliyependekeza mwaka 1970 kwamba data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya IBM, walitoa umbo la kwanza la lugha hiyo. Sentensi yake ya kawaida ni hii:

SELECT ngeli, wingi FROM maneno WHERE neno = 'kiti'

Maana yake: nipe ngeli na wingi kutoka jedwali la maneno, pale ambapo neno ni kiti. Jibu litakuwa KI-VI na viti. Tuangalie kwamba neno tunalolitafuta limefungwa kwa alama mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanzia.

1. Ritifaa ya ng'

Tukibadilisha kiti tukaweka ng'ombe, sentensi inakuwa hivi:

SELECT ngeli, wingi FROM maneno WHERE neno = 'ng'ombe'

Mashine haijui kwamba ritifaa ni sehemu ya sauti. Kwake alama hiyo ni ya kufunga neno. Kwa hiyo inasoma 'ng', inadhani neno limekwisha, kisha inakutana na ombe na kulalamika kwamba sentensi ina kosa. Hali ni hiyo hiyo kwa ng'ambo, kwa jina la ukoo la Kikenya Ng'ang'a, kwa Kifaransa l'école, na kwa Kirundi chetu ambacho huandika ritifaa mahali pengi irabu inapomezwa, kama katika w'umuntu. Mji wenye lugha tatu, na zote zina ritifaa, hauwezi kulikwepa jambo hili.

Wako wanaolitatua kwa kufuta ritifaa na kuandika ngombe. Mwalimu wa Kiswahili asikubali. Ngoa ni tamaa au wivu, na ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia kwa nguvu. Tukifuta alama tumechanganya maneno mawili. Matoleo ya zamani ya PHP nayo yalikuwa yakiongeza mkwaju yenyewe kabla ya ritifaa, na ndiyo maana katika baadhi ya majedwali ya zamani tunakuta ng\'ombe. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2012, katika toleo la 5.4.

Njia sahihi ni kuitenganisha sentensi na neno linalotafutwa. Tunaandika sentensi yenye nafasi wazi, kisha tunalipeleka neno peke yake:

$swali = $pdo->prepare("SELECT ngeli, wingi FROM maneno WHERE neno = ?");
$swali->execute([$neno]);

Alama ya kuuliza inashika nafasi ya neno. Chochote kitakachopelekwa hapo, mashine itakichukua kuwa neno tu, haitakisoma kama sehemu ya sentensi.

Faida yake inazidi ng'ombe. Fikiria ukurasa wa matokeo ya mtihani ambao mwanafunzi anaandika namba yake aone alama zake. Ikiwa namba inabandikwa moja kwa moja ndani ya sentensi, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika x' OR '1'='1. Ritifaa ya kwanza inafunga neno, na kinachofuata kinakuwa sharti ambalo ni kweli siku zote. Ukurasa utamwonyesha alama za wanafunzi wote. Kwa hiyo ukurasa unaokataa kupokea ng'ombe ni wa kuogopwa: kuna uwezekano mkubwa kwamba mlango wake uko wazi kwa wavamizi pia.

2. Maandishi mamoja machoni, mawili kwa mashine

Wakati mwingine sentensi haina kosa lolote, lakini ng'ombe bado hapatikani. Sababu yake ni kwamba programu za kuandikia hupenda kuibadilisha ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Machoni petu ni kitu kimoja, lakini kwa mashine ya kwanza ina namba 39 na ya pili 8217. Orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye hati ya Word itakuwa na iliyopinda, na mwanafunzi anayeandika kwenye kisanduku cha kutafutia ataandika iliyonyooka.

Kwetu kuna tatizo jingine la karibu na hilo. Wasemaji wengi wa Kirundi huchanganya r na l wanapojifunza Kiswahili. Mwanafunzi ataandika rugha akitafuta lugha, na mashine itamjibu kwamba hakuna neno kama hilo.

Dawa ni kuwa na safu mbili katika jedwali. Safu ya neno inahifadhi tahajia sanifu ya kuonyeshwa. Safu ya pili, tuiite kutafuta, inahifadhi umbo lililorahisishwa: herufi ndogo tupu, ritifaa ya aina moja, na kila r imegeuzwa l. Neno analoandika mwanafunzi hurahisishwa kwa kanuni hizo hizo kabla ya kulinganishwa. Hapo anayeandika mahari ataonyeshwa mahari na mahali, kila moja na maana yake, naye atachagua. Msamaha huo uwe katika kutafuta tu. Tahajia inayoonyeshwa ibaki sanifu.

3. Ngeli haipatikani kwa herufi za mwanzo

Mwanafunzi anataka majina ya ngeli ya A-WA. Anaandika hivi:

SELECT neno FROM maneno WHERE neno LIKE 'm%'

Alama % inamaanisha herufi zozote. Atapata mtoto, lakini atapata pia mti wa ngeli ya U-I, maji ya ngeli ya YA-YA, kiwakilishi mimi na kihusishi mpaka. Hatampata kipofu wala daktari, ingawa wote wanachukua upatanisho wa A-WA. Ngeli tunayofundisha inatokana na upatanisho wa kisarufi, na upatanisho hauonekani katika herufi za mwanzo. Hakuna ufundi wa kompyuta utakaoutoa huko. Ni lazima mwalimu akae aijaze safu ya ngeli, neno kwa neno.

Tuangalie kiboko. Mnyama ni wa A-WA: kiboko amezama. Fimbo ya ngozi ni ya KI-VI: kiboko kimekatika. Kwa hiyo tahajia moja inahitaji mistari miwili, kila mmoja na namba yake ya utambulisho. Anayeipa mashine amri kwamba neno lisijirudie atakuwa amekifukuza kimojawapo. Paa na kaa nayo yanahitaji kuangaliwa hivyo hivyo.

4. AU na NA

Tunataka mtu apate kitabu hata akiandika vitabu, na tunataka majina ya KI-VI peke yake:

WHERE neno = ? OR wingi = ? AND ngeli = 'KI-VI'

Tukijaribu kiboko, tutapata mnyama na fimbo pia. Katika SQL, AND (na) hushika kabla ya OR (au), kama kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha. Mashine imesoma hivi: neno ni kiboko, au, wingi ni kiboko na ngeli ni KI-VI. Mabano yanaondoa utata:

WHERE (neno = ? OR wingi = ?) AND ngeli = 'KI-VI'

Sasa tutapata fimbo peke yake. Mfano huu unafaa hata katika somo la sintaksia, kwa kuwa unaonyesha jinsi sentensi moja inavyoweza kuchanganuliwa kwa njia mbili.

5. Maneno yanayopotea kimya kimya

Tafsiri hukaa katika jedwali la pili, kwa sababu neno moja linaweza kuwa na tafsiri nyingi. Tukiyaunganisha majedwali kwa JOIN ya kawaida, mashine itaonyesha maneno yenye tafsiri tu. Ng'ombe atakuja na inka, kitabu kitakuja na igitabo, lakini neno ambalo bado halijatafsiriwa halitaonekana kabisa. Hakuna ujumbe wa kosa, na kamusi itaonekana imekamilika kumbe ina mapengo. Tunahitaji LEFT JOIN, inayobakiza kila neno la jedwali la kwanza:

SELECT m.neno, t.maana FROM maneno m
LEFT JOIN tafsiri t ON t.neno_id = m.id AND t.lugha = 'Kirundi'

Sharti la lugha liwe hapo, baada ya ON. Likihamishiwa kwenye WHERE, maneno yasiyo na tafsiri yatatoweka tena. Na tukiongeza mwishoni WHERE t.neno_id IS NULL, tutapata maneno yale tu ambayo bado hayana tafsiri ya Kirundi. Tuandike IS NULL, si = NULL, kwa sababu NULL ni pengo, na pengo halilingani na kitu chochote, hata pengo jingine.

Orodha hiyo ya mapengo ndiyo tunayoithamini kuliko zote, maana ni orodha ya kazi iliyobaki. Inaweza kugawiwa darasani, kila mwanafunzi maneno kumi, naye akaulize nyumbani au mtaani Kirundi chake ni nini.

Kabla ya kuifungulia watu kamusi yoyote ya tovuti, tunapendekeza ijaribiwe kwa maneno haya: ng'ombe kwa ritifaa zote mbili, ngoa na ng'oa, rugha, mahari, kiboko, vitabu, na neno moja ambalo halijatafsiriwa. Jaribio hilo halichukui hata robo saa, na mwalimu anaweza kulifanya bila kuandika mstari mmoja wa programu.