Samaki Wanaolipa Kodi ya Nyumba

Mtu akitoka mjini Uvira kwenda kusini kando ya Ziwa Tanganika, hufika Luhanga, mahali penye mawe mengi yanayoshuka mpaka majini. Wavuvi huenda mbali kutafuta ndagala, lakini hapa kati ya mawe huishi samaki mdogo, urefu wake kama kidole cha mtu. Wataalamu humwita Neolamprologus brichardi.

Samaki wengi hutaga mayai na kuyaacha. Huyu sivyo. Mume na mke hukaa katika nafasi kati ya mawe, na pamoja nao wako wasaidizi, wakubwa na wadogo. Kazi za wasaidizi ni tatu. Kwanza, huyasafisha mayai na kuyapepea kwa mapezi. Pili, huchukua mchanga na konokono kwa midomo na kuwatupa nje, ili nyumba isizibe. Tatu, huwafukuza adui.

Je, wasaidizi hao ni watoto wa nyumba ile? Wengi ndivyo walivyo. Lakini baba au mama akiliwa, mwingine huingia mahali pake. Hapo wasaidizi hulea watoto wasio ndugu zao. Kwa nini hawaondoki?

Mwaka 1981 Michael Taborsky na Dominique Limberger walitangaza habari za wasaidizi hao. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Japani nao walichunguza samaki wa ziwa hili pamoja na wenzao wa Uvira. Mchunguzi huzama na mtungi wa hewa mgongoni, akitazama kwa saulo nyingi za uvumilivu na kuandika kulekule majini.

Jibu lilipatikana polepole. Nje ya mawe wako samaki wakubwa walao wadogo, na mdogo aliye peke yake hana pa kujificha. Basi kazi ndiyo kodi yake. Msaidizi mvivu huumwa, pengine hufukuzwa. Wataalamu waliwahi kuwazuia wasaidizi wasifanye kazi kwa muda. Walipoachiliwa, waliongeza bidii kuliko kwanza.

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Samaki huyu hangoji kupewa jembe. Hulishika mwenyewe, maana nje ya mlango kuna mauti.

Maswali
1. Taja kazi tatu za wasaidizi.
2. Kwa nini msaidizi hulea watoto wasio ndugu zake?