Nchi Ndogo na Majina Yake

Mtu akipanda juu ya mojawapo ya vilima vya mawe vilivyouzunguka mji wa Mwanza, huona ghuba ya ziwa, na ng'ambo yake Uzinza, na upande wa kusini huona njia iendayo Bukumbi. Leo mahali hapo pote ni pa nchi moja, Tanzania. Lakini miaka mia na hamsini iliyopita, mtu aliyesimama juu ya jiwe lilo hilo alikuwa akitazama nchi kadha wa kadha kwa mara moja. Mwanza ilikuwa na mtawala wake, Bukumbi wake, na Uzinza nako kulikuwa na watawala wake. Msafiri aliyeondoka alfajiri kwa miguu aliweza kuvuka mpaka kabla ya jua kutua.

Watu wengi hudhani ya kuwa zamani palikuwa na dola moja kubwa iliyoitwa Usukuma. Sivyo. Sukuma katika lugha za huko ni upande wa kaskazini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa kaskazini Basukuma, kama walivyowaita wale wa kusini Badakama. Basi jina hilo lilikuwa la upande wa dunia, wala halikuwa la ufalme. Wenyewe, mtu akiulizwa atokako, alitaja nchi ya mtemi wake: Nera, au Bukumbi, au Nasa, au Ntuzu.

Mtawala wa nchi hizo aliitwa ntemi, na kwa Kiswahili tunasema mtemi. Neno hilo latokana na kutema, yaani kukata. Wengine husema aliitwa hivyo kwa kuwa wa kwanza wao alitema miti na kufyeka pori, watu wakapata mahali pa kukaa. Wengine husema ni kwa sababu alikata maneno, yaani alitoa hukumu ya mwisho. Maana zote mbili zawafaa, maana mtemi alikuwa mwenye ardhi na tena mwenye baraza. Chini yake walikuwapo banangwa, wakuu wa vijiji. Ngozi ya simba na pembe ya ndovu zilipelekwa kwake. Ngoma za utemi zililindwa sana, na asiyekuwa nazo hakuhesabiwa kuwa mtawala.

Hata hivyo mtemi hakutawala apendavyo. Palikuwa na wazee walioitwa banang'oma, na hao ndio waliomchagua, mara nyingi katika wana wa dada za mtemi aliyekufa, si katika wanawe mwenyewe. Mvua isiponyesha, na njaa ikazidi, banang'oma waliweza kumwondoa na kumweka mwingine. Kwa hiyo nchi hizo, ijapokuwa zilikuwa ndogo, zilikuwa na mipaka, na hukumu, na kodi, na desturi ya kumweka mtawala na kumtoa. Haijulikani dola yahitaji kitu gani zaidi ya hayo, isipokuwa kwamba wengine waikubali.

Hapo ndipo majina yalipoanza kuwa na kazi. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akaliona ziwa. Alimkuta mtawala wa pale, jina lake Mahaya, akamwandika katika habari zake kuwa ni "Sultani". Mahaya hakuwa Mwarabu wala hakupata kujiita hivyo. Lakini Speke alikuwa ametoka pwani, ambako mtawala mkuu alikuwa Sultani wa Unguja, na misafara ilikuwa imezoea kulitumia neno hilo kwa kila mwenye nchi, mkubwa kwa mdogo. Mwaka 1875 akaja Henry Morton Stanley. Yeye alipofika Ukerewe alimwita Lukonge mfalme. Watu wa Ukerewe wenyewe walikuwa na neno lao, Omukama.

Wadachi walipoitwaa nchi, waliendelea kuwaita watemi masultani katika barua za serikali. Waingereza waliokuja baada yao waliliacha neno hilo, wakachagua jina la chifu. Mfalme kwao alikuwa mmoja tu, naye alikaa London, wala hawakupenda wawe wawili. Hata Kabaka wa Buganda, aliyetawala nchi kubwa kuliko utemi wowote wa Usukuma, hakupewa cheo cha mfalme katika mapatano ya mwaka 1900.

Mtu aweza kusema ya kuwa jina ni jina tu. Lakini mfalme ni wa kufanyiwa mapatano, na chifu ni wa kupewa amri. Mtemi aliyekuwa akiondolewa na banang'oma kwa kukosa mvua, sasa aliweza kuondolewa na ofisi ya serikali kwa kukosa kodi. Wazee walimwita mtemi vile vile kama zamani, na ngoma zilipigwa vile vile. Ila watu walijua ya kuwa maneno ya mwisho hukatwa kwingine.

Wala udogo wa nchi peke yake si sababu ya kuinyima jina la dola. Huko Ulaya ipo Liechtenstein, yenye kilometa za mraba 160. Kisiwa cha Ukerewe chapata kilometa za mraba 530, yaani zaidi ya mara tatu ya Liechtenstein. San Marino ina kilometa za mraba 61, nayo ni jamhuri. Monaco ina kama mbili tu. Hizo zote tatu zina viti katika Umoja wa Mataifa. Na Dola ya Vatikani, iliyowekwa kwa mapatano ya mwaka 1929, haifiki hata nusu ya kilometa moja ya mraba. Mtu huizunguka kwa miguu kwa muda mfupi.

Mwenye Liechtenstein na mwenye Monaco hawaitwi wafalme. Cheo chao ni cha chini yake kidogo, na Waswahili wamezoea kukifasiri kuwa "mwanamfalme". Tafsiri hiyo hupoteza watu, kwa sababu msomaji huanza kumtafuta mfalme aliye baba yake, naye hayupo. Pengine neno mtemi lingefaa zaidi, lakini hakuna aliyelijaribu.

Kiswahili chenyewe kina njia yake ya kupima. Neno nchi halitazami ukubwa: nchi ni Urusi na nchi ni Ukerewe. Lakini mtu akitaka kudunisha, huongeza kiambishi. Mji huwa kijiji, mtu huwa kijitu, na dola huwa kijidola. Kijiji kimekwisha kuwa neno la heshima, hakuna anayechukizwa nalo. Kijidola sivyo, asemaye hivyo amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuuliza mipaka.

Watemi wa Usukuma waliunganishwa katika baraza moja mwaka 1946, na makao yake yakawa Malya. Watemi hao walikuwa yapata hamsini. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Baada ya uhuru, serikali mpya ilitaka watu wawe taifa moja chini ya halmashauri za kuchaguliwa, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria. Ngoma na vitu vingine vya watemi vyaonekana leo katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa.

Neno moja la nchi hizo ndogo halikupelekwa makumbusho. Katika Kisukuma na Kinyamwezi, nyumba ya mtemi na ua wake viliitwa ikulu. Sasa ni jina la nyumba ya Rais wa Tanzania, ile ya Dar es Salaam na ile ya Chamwino, Dodoma.