Dubai: Magongo ya barafuni, magongo ya nyasini na majina ya utani yaliyokosa redio

Mgeni anayefika Dubai kwa mara ya kwanza na kupelekwa na wenyeji wake Dubai Mall huonyeshwa mambo mawili kabla ya maduka: hodhi kubwa la samaki na uwanja wa barafu. Nje, mwezi wa Agosti, joto limepita nyuzi 40. Ndani, watoto wanateleza wamevaa masweta na glavu. Uwanja huo una ukubwa wa Olimpiki, na watembezi wakishamaliza huingia watu wazima wenye magongo, helmeti na mapedi ya magotini. Miongoni mwa waliouzoea ni timu ya ridhaa iitwayo Dubai Mighty Camels, yaani Ngamia Wenye Nguvu.

Ngamia juu ya barafu! Aliyebuni jina hilo alijua kuwa kicheko ni nusu ya jina la utani. Al Ain nako kumewahi kuwa na timu ya Theebs, neno la Kiarabu la mbwa mwitu lililovishwa wingi wa Kiingereza, na Abu Dhabi kuna walioitwa Scorpions, yaani nge. Wala mchezo huu si wa jana katika nchi hii. Al Nasr Leisureland, pale Oud Metha, ilifunguliwa mwaka 1979 ikiwa na barafu yake, na mwaka 2008 timu ya taifa ya Falme za Kiarabu ilitwaa Kombe la Waarabu mjini Abu Dhabi.

Majina ya timu, hata hivyo, hutungwa mezani. Yanayotuvutia zaidi ni yale ambayo wachezaji wa timu moja hupeana wenyewe, kwa sababu jina la namna hiyo mara nyingi ni maelezo mafupi ya jinsi mtu anavyocheza.

Tuanze na barafu. Timu huwa na wachezaji sita tu uwanjani, golikipa akiwemo, lakini benchi limejaa, na zamu ya mchezaji mmoja haifiki hata dakika moja kabla hajatoka akihema na mwenzake kuruka ukuta kuingia. Kwa hiyo kocha hapangi watu mmoja mmoja, anapanga vikundi vya watatu watatu, na kikundi cha watu wanaofanana hakifiki mbali. Anahitajika mpishi wa pasi, anahitajika mfungaji asiyefikiri mara mbili, na anahitajika mchapakazi wa kwenda kwenye kona za uwanja kugombania kisahani, mahali ambapo mbavu hugongwa na hakuna anayepiga makofi.

Mfano ambao wapenzi wa mchezo huu hawachoki kuutaja ni Edmonton Oilers ya Canada, iliyochukua Kombe la Stanley mara 5 kati ya mwaka 1984 na 1990. Wayne Gretzky hakuwa na mwili mkubwa wala mbio za kutisha. Alipenda kusimama nyuma ya goli la wapinzani na kugawa pasi kutoka huko, mpaka mahali pale pakaitwa ofisi yake. Mfini Jari Kurri alikuwa mmaliziaji wake. Dave Semenko kazi yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: ukimgusa Gretzky, utakutana naye. Mark Messier aliitwa Moose, yule mnyama mkubwa mwenye pembe wa misitu ya kaskazini, na ukimtazama alivyokuwa akiingia katikati ya mabeki hukuhitaji kuuliza sababu. Golini alikuwa Grant Fuhr, ambaye mwaka 1984 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kutwaa kombe hilo. Watu watano, tabia tano. Gretzky mwenyewe aliitwa The Great One, yaani Mkuu, jina ambalo kwa maoni yetu ni la kinyonge kidogo, kwani linasifu bila kueleza. Moose linaeleza.

Bora zaidi ni habari ya ndugu wawili wa Montreal. Maurice Richard, aliyefunga mabao 50 katika mechi 50 msimu wa 1944-45, aliitwa Roketi. Mwaka 1955 mdogo wake Henri alijiunga na timu hiyo hiyo, mfupi, mwepesi, fundi wa chenga. Wakamwita Roketi ya Mfukoni. Jina la mdogo likawa limekatwa kutoka katika nguo ya kaka yake, na yeye Henri akamaliza na vikombe 11 vya Stanley, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia.

Sasa tuteremke nyasini, maana msomaji wa Mombasa, Moshi au Kampala akisikia mpira wa magongo hafikirii barafu. Hapa Dubai pia, mji uliojaa Wahindi na Wapakistani, ukitaja hoki kwa mzee wa Karachi ataanza mara moja kukutajia mawinga. Atakuambia habari za Samiullah Khan wa Bahawalpur, aliyepita pembeni kushoto kwa kasi mpaka akaitwa Farasi Arukaye, na za ndugu yake Kaleemullah aliyecheza pembeni kulia. Nyumba moja, mawinga wawili, kila mmoja na upande wake wa uwanja. Atakuja kwa Shahbaz Ahmed, aliyeitwa Maradona wa hoki kwa namna mpira ulivyoganda kwenye gongo lake, kisha kwa Sohail Abbas, beki aliyefunga mabao 348 ya kimataifa, sehemu kubwa kwa kona za adhabu. Na Mhindi akiwa karibu atamkatiza kwa jina la Dhyan Chand, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928, 1932 na 1936. Askari huyu alizaliwa Dhyan Singh. Inasimuliwa kuwa alifanya mazoezi usiku akisubiri mwezi utoke, wenzake wakamwita Chand, yaani mwezi, na jina la utani likalimeza jina la ukoo.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Katika barafu mchezaji huchagua gongo la mkono wa kushoto au la kulia. Katika hoki ya nyasini hakuna gongo la mashoto: upande bapa ni mmoja tu, wa kushoto, na mpira huruhusiwi kuupiga kwa mgongo wa gongo. Kwa hiyo watu 11 wote wanashika gongo kwa namna moja. Tofauti zao zinabaki katika viwiko, miguu na akili, na ndiyo maana jicho la mwenzako ndilo linaloziona kwanza.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani, kwenye timu ya Kenya ya miaka ya 1960. Vijana wengi hawajui kuwa mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu huko Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Hispania 1-0, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Nafasi ya nne duniani! Kabla ya hapo ilikuwa ya 7 katika Olimpiki ya Roma 1960, ya 6 Tokyo 1964 na ya 8 Mexico 1968.

Timu hiyo ilitoka hasa katika jamii mbili za Nairobi. Walikuwepo Masingasinga wa klabu ya Sikh Union na Wagoa wa klabu kama Goan Institute na Railway Goan Institute. Ukisoma orodha za wachezaji wa miaka ile utaelewa tatizo la mtangazaji: Singh, Singh, Singh, Fernandes, Fernandes, Fernandes. Kulikuwa na Hilary Fernandes, Edgar Fernandes na Silvester Fernandes. Kulikuwa na Surjeet Singh zaidi ya mmoja, hata ikabidi mmoja aitwe Junior. Fikiria beki anayepiga kelele "Singh!" katikati ya mechi: watageuka nusu ya timu, na mpira utakuwa umekwishaibwa. Jina la utani hapo lilikuwa chombo cha kazi kama gongo lenyewe. Silvester akawa Silu. Aloysius Mendonca akawa Alu. Silabi mbili, zinatoka mdomoni kabla mpinzani hajafika.

Nahodha Avtar Singh Sohal aliitwa Tari. Alizaliwa Nairobi mwaka 1938, akacheza beki katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972, tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Mechi zake za kimataifa 167 zilimwingiza katika kitabu cha rekodi za Guinness. Hakuna jina la sifa hapo, si farasi wala roketi. Tari ni jina la nyumbani tu lililoingia uwanjani na kukaa. Sisi tunaliona kuwa na uzito wake: beki wa mwisho haitwi kwa mbwembwe, anaitwa kwa sababu anahitajika.

Linganisha na soka. Kila Mtanzania wa umri fulani anamjua Sunday Manara kwa jina la Kompyuta, Zamoyoni Mogella kwa jina la Golden Boy na Mohamed Hussein kwa jina la Mmachinga. Kenya, sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ilimfikisha Joe Kadenge katika vibanda ambavyo havikuwahi kuona uwanja. Hoki haikupata sauti ya namna hiyo. Majina yake ya utani yaliitwa kwa Kipunjabi, Kikonkani na Kiingereza, ndani ya kuta za klabu, na wenye klabu walipoanza kuondoka kwenda Uingereza, Canada na Australia waliondoka nayo. Uganda mambo yalikuwa makali zaidi. Timu yake ilicheza Olimpiki ya Munich mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1972, wiki chache tu baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Timu yenye wachezaji wa Kiasia ilikuwa inaiwakilisha nchi iliyokuwa inawafukuza.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1976 Montreal ilileta nyasi bandia, na mchezo wa chenga na pasi fupi ukaanza kutoa nafasi kwa mchezo wa nguvu na mbio. Kenya haikuwepo, kwani nchi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Dhahabu ya hoki ikaenda wapi? New Zealand. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, na Tanzania ikaenda Moscow katika mashindano ya timu sita, ikafungwa na India 18-0. Wapo wanaocheka matokeo hayo. Sisi tunasema walikwenda, na majina yao ya utani pia hakuna aliyeyaandika.

Tukirudi Ghuba, kuna jambo linalotukera kidogo. Katika miji hii ya wahamiaji mtu huitwa kwa pasipoti yake kabla ya kuitwa kwa kazi yake. Kazini utasikia "Kenya, njoo hapa" au "Afrika, pitisha huo mzigo", na uwanjani mazoea hayo huingia pamoja na viatu. Anayeitwa hivyo mara nyingi hucheka, maana hakuna ubaya uliokusudiwa. Lakini "Kenya" haielezi kama wewe ni mpishi wa pasi au mbabe wa kona. Inasema ulikotoka, basi. Mchezaji huwa amepokelewa kweli siku wenzake wanapomwita kwa kitu walichomwona akifanya.

Fatima Al Ali wa Abu Dhabi alilifahamu hilo kwa njia yake. Mchezaji wa zamani wa ligi ya Amerika Kaskazini, Peter Bondra, alipozuru Abu Dhabi alimpiga picha za video akichezea kisahani kwa gongo, hijabu kichwani, na mikono ile ikasambaa duniani. Februari 2017 alikuwa Washington, akiangusha kisahani cha kufungulia mechi ya Capitals. Wengi waliandika juu ya kitambaa chake. Wachezaji waliandika juu ya mikono.

Huko Nairobi kuna Ice Lions, Simba wa Barafu, wanaofanya mazoezi katika uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja ulio mdogo sana kuliko ule wa Dubai Mall. Wengi wao walianza na viatu vya magurudumu kwenye lami. Mwaka 2018 walipelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwa tangazo la kampuni ya kahawa, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Mtu aliyejifunza katika eneo dogo huwa na mikono ya haraka na pasi fupi. Akiwekwa kwenye uwanja mkubwa, tatizo lake huwa mapafu.

Na Januari 2024, Muscat, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapa, Kenya ilicheza Kombe la Dunia la hoki ya wachezaji watano, kundi moja na Australia, New Zealand na Trinidad na Tobago. Uwanja mdogo, mbao pembeni, na bao unaweza kulifunga ukiwa popote. Katika mchezo huo mpira hauna muda wa kusubiri jina lote la mtu. Orodha rasmi zimebaki na majina ya pasipoti. Waliyoitana uwanjani wanayajua wao, pamoja na Waswahili wa Muscat waliokuwa wamekaa karibu na mbao.